Maadili ya Nani? Historia ya Kuwafundisha Wafanyakazi wa Ustawi wa Jamii

Mawaziri wakuu wawili wa karne ya 20 waliwahi kusimama darasani na kufundisha ustawi wa jamii. Wa kwanza ni Clement Attlee, mhadhiri wa London kuanzia mwaka 1912, ambaye serikali yake ilianzisha huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza mwaka 1948. Wa pili ni Hendrik Verwoerd, profesa wa sosholojia na ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Huyu wa pili dunia inamkumbuka kama msanifu mkuu wa siasa ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini.

Wote wawili walikuwa wasomi, na wote walizungumza kwa uchungu juu ya wajibu wa taifa kwa maskini wake. Kwa hiyo anayetuambia leo kwamba dawa ya udhaifu wa maofisa ustawi wa jamii ni kurudisha maadili vyuoni, ana haki ya kusikilizwa, ila kwanza ajibu: maadili ya nani, na kwa faida ya nani? Hakuna kipindi ambacho vyuo hivi vilikosa maadili. Kilichobadilika ni nani anayepimwa kwayo, na nani anayehesabiwa kuwa mtu.

London, 1869–1912: Maskini anapimwa tabia

Katikati ya karne ya 19 London ilikuwa na misaada mingi isiyo na mpangilio. Kanisa hili liligawa mkate, lile makaa ya mawe, tajiri yule blanketi, na hakuna aliyejua mwenzake amempa nani. Wenye mali wakalalamika kwamba sadaka zinazalisha ombaomba. Mwaka 1869 wakaunda Charity Organisation Society, chama ambacho kazi yake haikuwa kutoa misaada zaidi, bali kuhakikisha inamfikia anayestahili. Charles Loch, katibu wake tangu 1875 hadi 1914, alikiendesha kwa imani ya kidini kabisa.

Chama kilimtuma mgeni nyumbani kwa mwombaji. Mara nyingi alikuwa mwanamke wa familia yenye nafasi, anayejitolea. Aliuliza kodi ya nyumba inalipwaje, mwajiri wa mwisho ni nani, watoto wanasoma wapi. Aliongea na majirani, akatazama kama sakafu imefagiliwa. Yote yaliandikwa kwenye jalada, na jalada likaenda mbele ya kamati. Mjane msafi, mchapakazi, asiyekunywa, alisaidiwa. Mlevi au mzembe aliachiwa nyumba za kazi za serikali za mitaa, mahali palipoogopwa kama jela.

Ni rahisi kuwacheka watu hawa. Lakini wao ndio waliosema kwanza kwamba moyo mwema peke yake unaharibu, kwamba anayekwenda kumsaidia mtu sharti afundishwe. Octavia Hill, aliyesimamia nyumba za wapangaji maskini tangu 1865, alikuwa akiwafundisha wanawake waliokusanya kodi kwa niaba yake: fika kila wiki, mjue kila mpangaji kwa jina, timiza ahadi ya kurekebisha bomba, usimdanganye. Mwaka 1887 wanawake wasomi walianzisha makazi yao miongoni mwa maskini wa Southwark, kusini mwa mto Thames, ambako mihadhara ya kwanza ya kuwaandaa wafanyakazi ilitolewa katika miaka ya 1890. Amsterdam ikaitangulia miji yote kwa kufungua shule kamili ya miaka miwili mwaka 1899. London ikapata yake mwaka 1903, ambayo mwaka 1912 ilimezwa na chuo cha uchumi cha jiji hilo, LSE.

Wakati shule hizo zinazaliwa, msingi wake ulikuwa tayari umeanza kutikiswa. Charles Booth, tajiri wa meli, alifanya utafiti wa nyumba kwa nyumba akagundua kwamba karibu theluthi moja ya wakazi wa London waliishi katika umaskini, na kwamba sababu kubwa zilikuwa ajira ya kubahatisha, ujira mdogo, maradhi na uzee. Ulevi ulikuwapo, lakini sehemu yake ilikuwa ndogo. Mtafiti mwingine, Rowntree, akapata picha inayofanana na hiyo mjini York mwaka 1901. Ikiwa mzee ni maskini kwa sababu hawezi tena kubeba mizigo bandarini, kumpima tabia kunasaidia nini? Chama cha Loch hakikukubali kushindwa. Bunge lilipopitisha pensheni ya wazee mwaka 1908, kilikuwa miongoni mwa wapinzani wake, kikihofia kwamba pesa ya serikali itaua tabia ya kujiwekea akiba.

Attlee aliyaona haya kwa macho yake. Mwanasheria kijana wa familia ya kihafidhina, alikwenda kusaidia klabu ya wavulana Stepney, mashariki mwa London, mwaka 1905, kisha akahamia hukohuko. Aliingia akiwa na mawazo ya nyumbani kwao, akatoka akiwa mjamaa. Kitabu chake cha mwaka 1920, The Social Worker, kilimtaka mfanyakazi wa jamii awe pia mtu wa kudai haki, asiwe mgawaji wa fadhila tu. Hapo kipimo kilianza kugeuka: tabia ya maskini ikaachwa, ikatazamwa jamii inayomfanya awe maskini.

New York na Baltimore, 1898–1915

Marekani ilifuata njia ya London kwa muda, kisha ikakata kona. Kozi ya kwanza ilifanyika New York kiangazi cha mwaka 1898, na ilidumu wiki sita tu. Mary Richmond, aliyeanzia kazi katika ofisi ya mahesabu ya chama cha misaada cha Baltimore, ndiye aliyeipa fani hii mbinu: kukusanya ushahidi wa maisha ya mtu kabla ya kuamua lolote.

Mwaka 1915, tena Baltimore, mgeni aitwaye Abraham Flexner alialikwa kuwahutubia wafanyakazi hao. Ripoti yake ya mwaka 1910 ilikuwa imechangia kufungwa kwa shule nyingi dhaifu za udaktari, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Akawaambia kwamba kazi yao bado si taaluma kamili, kwa kuwa haina mbinu zake yenyewe. Jeraha hilo halikupona kwa miongo kadhaa. Vyuo vilianza kutafuta sayansi kwa pupa. Richmond akatoa kitabu kinene cha uchunguzi mwaka 1917, na katika miaka ya 1920 walimu wengi wakakimbilia nadharia za Freud. Maadili yakaonekana mambo ya bibi zetu. Kinachonishangaza ni kwamba karibu hakuna aliyesikia mwisho wa hotuba ileile, pale Flexner aliposema kwamba hatimaye kinachoitofautisha taaluma ni moyo wa wanaoifanya.

Berlin, 1908–1937: Shule yenye maadili mema

Aliyelitafakari suala hili kwa kina kuliko wote alikuwa Mjerumani. Alice Salomon alizaliwa Berlin mwaka 1872 katika familia ya Kiyahudi iliyoamini kwamba binti akimaliza shule anakaa nyumbani kusubiri mchumba. Mwaka 1893 alijiunga na kikundi cha wasichana waliotoa huduma kwa maskini, na baadaye alisema hapo ndipo maisha yake yalipoanza. Mwaka 1899 akaendesha kozi ya mwaka mmoja. Vyuo vikuu vya Prussia vilikuwa bado havijawapokea wanawake kama wanafunzi kamili, lakini yeye alipata kibali maalumu, na mwaka 1906 akapata udaktari wa falsafa kwa utafiti kuhusu kwa nini wanawake wanalipwa kidogo kuliko wanaume.

Mwaka 1908 akafungua shule ya ustawi wa jamii kwa wanawake, Schöneberg, Berlin. Wanafunzi walisoma miaka miwili: uchumi, sheria, afya, malezi, pamoja na kazi ya vitendo katika vituo vya watoto na ofisi za misaada. Salomon hakutaka wajuzi wa sheria za misaada tu. Alisisitiza kwamba mwanafunzi akihitimu bila kugeuka moyoni, bila kuona kwamba starehe ya tabaka lake imejengwa juu ya jasho la wengine, basi shule imeshindwa. Kwake huduma kwa maskini ilikuwa deni linalolipwa, na anayelipa deni hadai shukrani.

Shule yake ilikuwa mfano kwa nyingine. Mwaka 1925 akaongeza chuo cha elimu ya juu zaidi kwa wanawake wa fani hiyo. Shule za nchi mbalimbali zilipoamua mwaka 1929 kuunda kamati ya kimataifa, yeye ndiye aliyechaguliwa rais. Mwaka 1932, alipofikisha miaka 60, Chuo Kikuu cha Berlin kilimtunuku shahada ya heshima na shule ikapewa jina lake.

Miezi michache baadaye Hitler akashika madaraka. Salomon alikivunja chuo chake cha 1925 yeye mwenyewe, haraka, kabla wafuasi wa Hitler hawajakichukua. Shule ile ya 1908 haikuvunjwa, na hilo ndilo linalouma. Walimu na wanafunzi Wayahudi waliondolewa, jina la mwanzilishi likafutwa, na masomo yakaendelea. Maadili pia yaliendelea kufundishwa. Wanafunzi waliambiwa kwamba mgonjwa wao halisi si mtu huyu au yule, bali taifa zima, na kwamba huruma kwa mtu dhaifu ni ukatili kwa taifa.

Sheria ya Julai 1933 iliruhusu kuwahasi kwa nguvu watu waliodaiwa kuwa na maradhi ya kurithi, wakiwamo waliopachikwa hukumu ya upungufu wa akili. Watu wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo hadi mwaka 1945. Mahakama zilizoamua zilihitaji taarifa: familia hii inaishije, mama huyu anaweza kutunza nyumba, mtoto huyu anafeli shuleni? Taarifa hizo zilikuwa kwenye majalada ya maofisa ustawi. Majalada yaliyobuniwa ili mtu asaidiwe kwa haki yakageuka ushahidi wa kumkata uzazi. Wengi walioyajaza walikuwa wanawake waliofundishwa vizuri, wengine katika shule zilizoanzishwa kabla ya 1933, na waliamini wanatimiza wajibu.

Mwaka 1937 Salomon aliitwa na Gestapo, akahojiwa, akapewa wiki tatu aondoke nchini. Mwaka huohuo utafiti wake wa kulinganisha mafunzo ya kazi hii katika nchi nyingi ulichapishwa. Alifia New York mwaka 1948, akiwa karibu amesahauliwa. Chuo kilichorithi shule yake leo kinaitwa kwa jina lake.

Stellenbosch na Johannesburg, 1929–1960: Taifa la nani?

Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa na hofu kubwa: Wazungu maskini. Makaburu waliofukuzwa mashambani na ukame na madeni walijaa pembezoni mwa miji, wakishindania vibarua na Waafrika. Shirika la Carnegie la New York liligharimia tume iliyochunguza jambo hilo tangu 1929 hadi 1932. Ripoti yake, juzuu tano, ilikadiria Wazungu maskini kuwa wapatao 300,000, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba vyuo vikuu vifundishe wafanyakazi wa ustawi wa jamii.

Kwa maneno mengine, mafunzo haya yalipanuka Afrika Kusini ili kuokoa watu wa rangi moja. Waafrika, ambao ufukara wao ulikuwa mkubwa zaidi kwa kipimo chochote, waliingia katika ripoti hasa kama washindani wa Mzungu na kama tishio kwa heshima yake.

Verwoerd, aliyezaliwa Amsterdam na kuletwa Afrika Kusini akiwa na umri wa miaka miwili, alikuwa mwanasaikolojia kijana aliyesoma pia Ujerumani. Akageukia ustawi wa jamii. Katika kongamano la Kimberley mwaka 1934, alikokuwa mmoja wa waandaaji wakuu, alitaka misaada ya kubahatisha ya makanisa iachwe, serikali iwe na idara yake, na kazi ifanywe na watu waliosomea. Mapendekezo haya yangepigiwa makofi popote. Idara ya ustawi wa jamii ikaanzishwa kweli mwaka 1937. Lakini alitetea pia kwamba Mzungu apewe kazi kabla ya Mwafrika, na mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa maprofesa wa Stellenbosch waliopinga kupokewa kwa wakimbizi Wayahudi kutoka Ujerumani. Aliacha chuo mwaka 1937 kuhariri gazeti la chama cha siasa cha Makaburu, akawa waziri wa mambo ya wenyeji mwaka 1950, waziri mkuu mwaka 1958, na aliuawa bungeni mwaka 1966.

Mtu anaweza kudai kwamba Verwoerd aliyasaliti maadili ya fani yake. Naona aliyafuata hadi mwisho, ila mduara wa watu anaowajibika kwao aliuchora mapema akauishia kwa Mzungu, na hakuna kitabu cha kiada kilichomwambia auchore upya. Jambo la ajabu ni kwamba hata kutoka katika darasa lile kulitokea mgeuko. Erika Theron, mwanafunzi wake aliyekuja kuwa profesa wa ustawi wa jamii hapohapo Stellenbosch, aliongoza tume ambayo mwaka 1976 ilipendekeza machotara wapewe uwakilishi wa kisiasa na marufuku ya ndoa za mchanganyiko ifutwe. Serikali ilikataa.

Johannesburg kulikuwa na darasa jingine. Mwaka 1941 ilifunguliwa shule ya Jan Hofmeyr, ya kwanza nchini humo kuwaandaa Waafrika kwa kazi hii, ikiongozwa na Ray Phillips, mmisionari wa Kimarekani. Phillips alikuwa na maadili yake ya kufundisha, na hakuyaficha: Mwafrika wa mjini apewe michezo, filamu safi na klabu za vijana, ili muda wake wa mapumziko usiliwe na pombe, uhalifu au siasa za hasira. Kama Loch wa London, aliamini kwamba tatizo liko kwenye tabia.

Wanafunzi wake walijifunza, kisha wakaenda mitaani kufanya mafunzo kwa vitendo, na huko waliona pasi ambazo Waafrika walilazimishwa kubeba, msongamano wa vyumba, na vichanga vinavyokufa kwa utapiamlo ndani ya mji wa dhahabu. Joshua Nkomo alisoma hapo, akarudi Bulawayo mwaka 1947 kuwa ofisa ustawi wa shirika la reli, na kutoka reli akaingia chama cha wafanyakazi. Eduardo Mondlane alipita hapo kabla ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand; baadaye aliongoza FRELIMO ya Msumbiji kutoka Dar es Salaam, alikouawa kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Winnie Madikizela alihitimu mwaka 1955 na kuajiriwa hospitali ya Baragwanath, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufanya ustawi wa jamii wa hospitali. Ellen Kuzwayo, aliyesoma naye, alifungwa bila kushtakiwa mwaka 1977 na kuingia bungeni mwaka 1994 akiwa na miaka 79.

Shule iliyokusudiwa kutuliza watu ikatoa wapigania uhuru. Ilifungwa wakati serikali ya Verwoerd ilipokuwa inaibana elimu yote ya Waafrika. Ukitaka ushahidi kwamba mtaani kunafundisha maadili kuliko mimbari, hauko mbali.

Kabete hadi Hola, 1945–1959

Huku kwetu mafunzo yalianza kwa wasiwasi wa wakoloni. Baada ya Vita Kuu ya Pili maelfu ya askari wa jeshi la kikoloni la KAR walirudi nyumbani wakiwa wameona Burma na kulipwa mshahara. Serikali, hii ikiwa ya Attlee huyohuyo, haikutaka wakae bure. Jeanes School ya Kabete, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1925 kufundisha walimu wa vijijini, ikageuzwa kuwa mahali pa kuandaa maofisa ustawi na maendeleo ya jamii. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa askari hao hao. Walisoma usafi, michezo, ushirika, uraia mwema. Mwaka 1952 Maendeleo ya Wanawake ilizaliwa chini ya idara hiyo.

Mkuu wa idara alikuwa Thomas Askwith, Mwingereza aliyeshiriki Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936 kama mpiga makasia. Alikuwa mtu wa nia njema, aliyeamini Waafrika na Wazungu wanaweza kuishi kama raia sawa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na makumi ya maelfu ya watu kutiwa kambini kwa tuhuma za Mau Mau, idara yake ilipewa jukumu la kuwarekebisha. Mpango ulikuwa na kusoma na kuandika, michezo, mahubiri, kazi za mikono, na kitu cha katikati: kukiri. Aliyekiri kiapo na kukikana alihesabiwa amepona, akasogezwa kambi ya karibu na kwao.

Neno la ustawi likawa jina la pili la mateso. Wasiokiri walipigwa na kufanyishwa kazi za suluba. Askwith alilalamika kwa wakubwa wake, na mwaka 1957 akapokonywa kazi ya urekebishaji. Tarehe 3 Machi 1959, kambini Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 walionusurika mateso ya miaka hiyo.

Ofisa mmoja mwenye dhamiri hakutosha, tena akiwa mkuu wa idara. Kutii kulikuwa ndani ya mafunzo yenyewe. Hakuna aliyefundishwa Kabete kwamba iko siku utii utakuwa kosa.

Kanuni zaandikwa, 1947–1976

Baada ya vita, taaluma hii ikaanza kuandika maadili yake badala ya kuyaachia moyo wa mtu. Chama kimojawapo cha Marekani kilipitisha kanuni mwaka 1947. Chama kipya cha taifa, kilichoundwa mwaka 1955, kikatoa zake mwaka 1960, fupi za kutosha ukurasa mmoja. Kifungu cha kukataza ubaguzi kiliongezwa mwaka 1967, miaka saba baadaye. Shirikisho la kimataifa lililoundwa mwaka 1956 likapata kanuni zake mwaka 1976.

Kilichoenea zaidi madarasani, hata hivyo, ni kitabu. Mwaka 1957 padri Mjesuiti, Felix Biestek wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, alipanga misingi saba ya uhusiano kati ya mfanyakazi na mteja wake: kumwona kila mteja kuwa wa pekee, kumpa nafasi ya kutoa ya moyoni, mfanyakazi kutawala hisia zake, kumkubali mteja alivyo, kutomhukumu, kumwachia ajiamulie, na kumtunzia siri. Msomaji akumbuke mgeni wa London na sakafu iliyofagiliwa. Ndani ya miaka 90 kipimo kilikuwa kimepinduliwa kabisa: sasa anayepimwa tabia ni mfanyakazi.

Misingi hiyo inapendeza. Lakini inamwona mteja akiwa peke yake kwenye kiti, mlango umefungwa, na serikali haimo chumbani.

Addis Ababa, Makerere na Kijitonyama, 1963–2021

Uhuru ulikuta nchi zetu hazina maofisa wa kutosha. Makerere ikaanza stashahada mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tanzania, ikiwa imeshatangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, iliunda kwa Sheria Namba 26 ya mwaka 1973 chuo cha taifa cha ustawi wa jamii, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam. Walimu walifundisha kwa vitabu vya Chicago na London wanafunzi ambao wangepangiwa Sumbawanga na Lindi. Kwa sababu ya tatizo hilohilo, mwaka 1971 vyuo vya Afrika vilikuwa vimekwisha kuunda umoja wao, makao yake Addis Ababa, na moja ya kazi zake za kwanza ikawa kukusanya visa vya Kiafrika vya kufundishia.

Tatizo halikuwa la mifano tu. Chukua msingi wa mteja kujiamulia. Binti anayekuja ofisini kudai matunzo ya mtoto mara nyingi haji peke yake. Yuko na shangazi au mama mkubwa, na nyuma yao kuna kikao cha ukoo kilichokwisha kuamua. Anayejiamulia ni nani hapo? Au usiri: katika kijiji ambacho baiskeli ya ofisa ikiegeshwa nje ya nyumba kila mtu anajua kuna shauri, siri inatunzwaje? Ofisa mzuri hujifunza kumsalimu shangazi kwa heshima zake zote, kumsikiliza, kisha kumwomba kwa adabu ampishe na binti dakika chache. Biestek hakuliandika hilo. Linajifunzwa kwa kumtazama ofisa mkongwe kazini, na hii ndiyo sababu naona mafunzo kwa vitendo yasiyo na msimamizi makini ni hasara kuliko mtihani ulioibwa.

Kudai maadili ya kwetu nako kuna mtego wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wapo walioitetea kwa jina la mila. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kati ya sheria hizo mbili alisimama ofisa ustawi, na baba wa binti mbele yake akiwa na barua halali. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vile vya ndoa vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Hadi hapo, kutii sheria na kumlinda mtoto kulikuwa mambo mawili tofauti.

Mwaka 2014, Melbourne, vyama vya kimataifa vilikubali fasili mpya ya taaluma inayotambua maarifa ya wenyeji, na mwaka 2021 kaulimbiu ya siku ya ustawi wa jamii duniani ilikuwa Ubuntu. Nilifurahi, kwa tahadhari. Utu ni neno kubwa, lakini Verwoerd naye alisema sana kuhusu undugu wa watu wake. Linafaa pale tu mduara wake unapomfikia mgeni, mfungwa, mwenye ualbino, na binti aliyekataa kuolewa.

Kwa wakufunzi wa Kijitonyama, Tengeru, Makerere na Nairobi, ninalo ombi moja. Misingi saba mwanafunzi ataikariri na kufaulu. Mpeni pia Hola, mumpe majalada ya Berlin na darasa la Stellenbosch, kisha mumwulize kwenye karatasi ya mtihani: wewe ungeandika nini kwenye taarifa ile, na ungempelekea nani?